Na Huyu Je? Jibu kwa Wanaosema Mke Hatolewi Kula Nje

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Himidi zote ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad. Katika walima mmoja uliofanyika hapa Nyamirambo, ustadh mmoja mgeni alipewa dakika kumi za kuwausia maharusi, naye akatumia karibu nusu ya dakika hizo kumwonya bwana harusi asije akawa miongoni mwa vijana wa siku hizi wanaowachukua wake zao jioni na kwenda kukaa nao kwenye migahawa. Akataja sababu tatu. Kwanza, huko ni kujifananisha na makafiri. Pili, ni israfu. Tatu, mke anaanikwa mbele za watu. Wanaume wakacheka, wengine wakatoa takbira, na sisi wanawake nyuma ya pazia tukatazamana. Maneno hayo yalirekodiwa kwa simu na sasa yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Kigali mpaka Bujumbura na Bukavu, na nimeshaulizwa na dada zetu zaidi ya mmoja: je, ni kweli?

Mimi si mwanachuoni. Ni mama wa watoto wanne, na nimefundisha madrasa ya wasichana kwa miaka kadhaa. Lakini jambo likishasemwa hadharani kwa jina la dini, na lijibiwe hadharani kwa dalili, tena kwa adabu, kwani ustadh wetu ni mkubwa wetu na tunamwombea kheri. Heshima yake iko pale pale. Jibu nalo liko hapa.

Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kisa ambacho nitakieleza kwa maana yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa na jirani Mfursi, fundi wa kupika mchuzi. Siku moja jirani huyo akatengeneza mchuzi wake, kisha akaja kumwalika Mtume (S.A.W.). Mtume akamwashiria Bi Aisha (R.A.) na kuuliza, na huyu je? Jirani akasema hapana. Basi Mtume (S.A.W.) naye akasema hapana. Jirani akarudi kualika mara ya pili, akaulizwa swali lile lile, akajibu vile vile, na Mtume (S.A.W.) akakataa tena. Mara ya tatu alipoulizwa akakubali, huyu naye aje. Hapo ndipo waliposimama wote wawili wakaenda wakifuatana mpaka nyumbani kwa yule jirani.

Subhanallah. Hebu tukitazame kisa hiki polepole, maana watu wanakisoma mbiombio kama kichekesho cha jirani mchoyo. Nyumba ya Mtume (S.A.W.) haikuwa nyumba ya shibe. Bi Aisha mwenyewe anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba miezi ilikuwa ikiandama mmoja baada ya mwingine bila moto kuwashwa katika nyumba zake, na chakula chao kilikuwa tende na maji. Kwa hiyo mchuzi ule haukukataliwa na mtu aliyeshiba. Umekataliwa na mtu ambaye pengine hajaonja kitoweo kwa siku nyingi, kwa sababu moja tu, kwamba mkewe hakualikwa. Na hakukataa kwa hasira wala kumtolea jirani hotuba. Aliuliza tu. Imam An-Nawawi, aliyeisherehesha Sahihi Muslim, ameona katika kisa hiki kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia kukila chakula kile peke yake bila ya Bi Aisha, na kwamba huko ni katika kukaa na mke kwa wema.

Sasa, kaka zangu, mjiulize. Ni wangapi kati yetu ambao jirani akiwaita kwenye mchuzi wanauliza, na huyu je? Wangapi wanaopita mlangoni wakisema nakuja sasa hivi, na sasa hivi yao ni saa nne ya usiku?

Atasema msemaji, ile ilikuwa nyumba ya jirani, haikuwa mgahawa. Sawa, tumekubali. Lakini wanavyuoni wametufundisha kwamba asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, na anayetakiwa kuleta dalili ni yule anayekataza. Ustadh wetu alileta sababu tatu na hakuleta dalili hata moja. Basi tuzipime sababu zenyewe.

Anasema ni kujifananisha na makafiri. Ningependa kujua anazungumzia sehemu gani ya chakula. Migahawa inayowaudhi zaidi wazee wetu siku hizi ni ile mipya ya visahani, ambako haiji sahani moja kubwa kwa kila mtu, vinakuja visahani vidogo vidogo vingi vinawekwa katikati, na mume na mke wanachota humo humo. Ati huo ni uzungu! Ndugu zangu, hivi futari ya Ramadhani ni nini? Weka kwenye mkeka tende, sambusa, bajia, kachori, katlesi, tambi, mihogo ya nazi, mbaazi, kila kimoja kwenye kisahani chake, na mikono yote inakwenda katikati. Bibi zetu waliozaliwa Ujiji na Pemba walitandika hivyo kabla hakujafunguliwa mgahawa wa aina hiyo katika mji huu. Ukienda Lebanon au Uturuki utakuta meze, na neno lenyewe ni la Kifursi, lina maana ya ladha. Huyo Mfursi wa mchuzi angelielewa.

Ukienda Hispania wanaviita tapas. Tapa kwa lugha yao ni kifuniko, na wao husimulia kwamba hapo zamani kipande cha mkate au nyama kiliwekwa juu ya glasi kuzuia nzi. Lakini visome vyakula vyenyewe kwenye karatasi ya mgahawa wa Granada au Cordoba uone vinavyozungumza. Zaituni wanaziita aceituna, na hilo ni neno la Kiarabu, az-zaytuna. Zafarani ni azafrán. Biringani ni berenjena, kutoka badhinjan. Sukari ni azúcar. Vidonge vya nyama ya kusaga ni albóndiga, kutoka al-bunduqa, kwa sababu vimeviringwa kama kokwa. Watu wa Andalus ndio waliopika huko karne nyingi. Na adabu ya meza pia ilikuwa yao. Mwanahistoria Al-Maqqari ameandika jinsi Ziryab, aliyefika Cordoba mwaka 822, alivyowazoeza watu kunywea kwenye vyombo vya kioo badala ya dhahabu na fedha, na kutandika ngozi laini mezani. Ustadh wetu akimwona kijana Mwislamu amekaa mbele ya kisahani cha biringani na zaituni anasema kijana huyo amejifananisha na makafiri, hali ya kuwa makafiri wenyewe wamehifadhi majina tuliyowaachia.

Tena hapa pana historia ya kuumiza, na sitaki tuipite. Granada ilipoanguka mwezi wa Januari 1492, Waislamu waliahidiwa uhuru wa dini yao. Ahadi haikudumu hata miaka kumi. Wakabatizwa kwa nguvu, kisha wakaanza kuchunguzwa, na mahali palipochunguzwa kuliko pote ni jikoni. Mtu aliyekataa nyama ya nguruwe na mvinyo alishitakiwa. Katika mashauri ya mahakama zao za kuchunguza imani, kula kuskusi, tena kwa kukaa chini, kulihesabiwa kuwa alama ya Uislamu uliofichwa. Mwaka 1567 lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao vikapigwa marufuku, na kuanzia 1609 hadi 1614 wakafukuzwa nchini kwa makundi makubwa. Na paja la nguruwe lililokaushwa linaning'inia juu ya kaunta nyingi huko hata leo kama bendera. Wale waliokaa chini na jamaa zao wakala chombo kimoja waliteswa kwa ajili hiyo, na sisi leo tunamkemea mume aliyekaa na mkewe wakala chombo kimoja kwa sababu kiti kina miguu minne!

Kwa hiyo swali la kujifananisha tuliweke mahali pake, ndani ya chungu na ndani ya glasi. Hapo nitakuwa mkali kuliko ustadh. Migahawa ya visahani kwa wenyewe imekua ubavuni mwa pombe. Tapas zilifuata mvinyo, meze huko Lebanon na Uturuki mara nyingi hukaa na araki, na hata hapa kwetu brosheti imezoeleka kukaa na chupa ya bia. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, nayo imepokewa na Tirmidhi na wengineo. Hilo halina mjadala kwa sababu ya mapenzi wala kwa sababu ya siku ya kumbukumbu ya ndoa.

Mume wangu, Allah amlipe, kabla hatujatoka jioni niliyotaka kuwasimulia, alipiga simu mahali pa kwanza mchana. Aliyepokea akamwambia hakuna shida, kila kitu ni halali, njooni tu. Mume wangu akaomba azungumze na mpishi. Mpishi, ambaye si Mwislamu, alikuwa mkweli kuliko aliyepokea simu. Akasema uyoga wao unapikwa kwa mvinyo, kome vile vile, katlesi zao za maziwa zina vipande vya nguruwe ndani, na viazi vinakaangwa katika mafuta yale yale ya katlesi. Akamaliza kwa kusema kuku wao wanatoka nje ya nchi wamegandishwa na yeye hajui aliyewachinja. Tukamshukuru, hatukwenda. Basi dada zangu, mambo ya kuuliza ni hayo, na anayeulizwa ni mpishi. Na asiwaambieni mtu kwamba mvinyo ukipikwa unapotea wote ukabaki utamu. Haupotei wote, na hata ungepotea, aliyekuruhusu kuumimina sufuriani ni nani?

Tulikwenda kwingine, mahali pa meze, mwenyewe Mwislamu, pombe haiuzwi kabisa. Tukaswali Maghrib ndipo tukatoka. Tuliagiza homosi faranga 6,000, biringani ya kuchoma 6,000, zaituni 4,000, viazi 5,000, kamba 11,000, kofta 9,000 na maji ya 2,000. Jumla 43,000. Nawatajia kwa sababu mlango wa pili wa ustadh ni israfu, na ukitaka kuhukumu israfu lazima uwe na hesabu mbele yako.

Nitaanza na upande wake, maana kuna haki ndani yake. Visahani hivi vina ujanja. Mhudumu anakuja na tabasamu, anasema kila mtu aagize vitatu au vinne, na wewe mwenye njaa unaona kila kimoja ni faranga elfu tano, sita, si nyingi. Zinapojumlishwa ndipo unapojua. Na kisahani cha kofta kinakuja na kofta tatu, kwa watu wawili! Hii ni hesabu ya nani? Tumefundishwa kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu, lakini sikujua kwamba wenye migahawa nao wanaitegemea hadithi hiyo. Ndugu zetu walioko London wanasema huko bili inaongezwa na asilimia 12.5 ya huduma, na katika baadhi ya migahawa meza yako unaambiwa mapema uiache baada ya saa moja na nusu. Huko Granada kwenyewe, ambako mtindo huu unasifiwa, kisahani bado kinakuja bure pamoja na kinywaji. Wafanyabiashara wameuchukua utamaduni wa bure wakaufanya wa anasa. Hayo yote nakubali. Anayekopa ili aende kwenye visahani, au anayeacha ada ya mtoto, huyo amekosea, na Allah (S.W.T.) katika Suratul A'raf ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza kupita kiasi.

Lakini, baba zangu, hesabu ina kurasa mbili. Chukua bwana mmoja wa hapa hapa. Baada ya Isha hurudi barazani kwa marafiki, chai ya maziwa na brosheti mbili, tuseme faranga 2,500. Siku tano kwa wiki ni 12,500. Kwa wiki nne ni 50,000. Kila mwezi. Hakuna ustadh aliyesimama kwenye walima akaiita hiyo israfu. Inaitwa kukaa na wenzake. Mwanamume huyo huyo akitoa 43,000 mara moja kwa mwaka akakaa na mama wa watoto wake, zinapigwa takbira dhidi yake. Kama mizani yetu ni fedha basi tupime fedha zote. Kama ni kitu kingine, tukitaje kwa jina.

Na mizani ya sharia inasemaje kuhusu tonge la mke? Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makkah akataka kuusia mali yake, Mtume (S.A.W.) alimpunguzia mpaka theluthi, kisha akamfahamisha kwamba kila anachotoa kwa kutaka radhi za Allah ana malipo nacho, hata tonge analolinyanyua kuliweka kinywani mwa mkewe. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim na kila mwanafunzi wa madrasa ameisikia. Tunaisoma tukiwa na maana ya unga na mkaa. Ni sawa, matumizi yanaingia. Lakini lafudhi yake ina mkono na kinywa. Haisemi gunia. Ile kofta ya tatu mume wangu aliivunja vipande viwili, akatazama huku na huku kwanza, maskini, kama mwizi, kisha akakiweka kipande kikubwa upande wangu. Ana miaka arobaini na tisa. Anaona haya ya jambo ambalo lina ujira wa sadaka, na haoni haya kula brosheti barabarani na mikono imejaa pilipili.

Sababu ya tatu, kwamba mke anaanikwa, sitaikalia. Mke huyo huyo anakwenda soko la Nyarugenge na kikapu, anasukumana kwenye basi, anasimama foleni ya zahanati na mtoto mgongoni, wala hakuna anayesema ameanikwa. Hijabu aliyovaa sokoni ndiyo aliyovaa mezani, na mezani amekaa na mahram wake. Kama kazi haimwaniki, starehe ya halali inamwanikaje?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana haya ya juu ningeweza kuyasema darasani tu.

Kuna dada yetu mmoja, sitamtaja yeye wala mtaa wake, aliyerudi kwa wazazi wake baada ya miaka tisa ya ndoa. Wazee wakakaa kikao cha kusuluhisha, kama inavyotakiwa. Mume akaitwa, akahesabu: mchele upo, gesi ipo, ada za watoto zimelipwa, bima ya afya imelipwa, hajampiga, hajaoa mwingine. Kweli tupu, hakuna aliyempinga. Mke akaulizwa, basi wewe umekosa nini? Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, sijawahi kula naye. Wakamuuliza una maana gani. Akasema miaka tisa namtengea sebuleni yeye na ndugu zake, kisha nakula jikoni na watoto kilichobaki, mara nyingi nimesimama. Mwaka wa kwanza aliniahidi kunipeleka Gisenyi, tukakae ziwani tule sambaza, mpaka leo.

Wazee wakacheka. Mmoja wao akauliza, kwa ajili ya sambaza? Kikao kikafungwa kwa kumwambia asubiri na amche Allah, ndoa haivunjwi na samaki wadogo. Siku chache baadaye shemeji yake akamtumia ile sauti ya ustadh kwenye simu, bila salamu, kama mtu anayetuma hati ya mahakama. Hajarudi nyumbani mpaka naandika haya.

Wazee wetu, nawaheshimu, lakini mlicheka mahali pa kulia. Hakuwa anaomba samaki. Aliwaambieni kwamba katika nyumba ile yeye ni mpishi aliyeoa kazi. Na msiniambie kwamba Suratun Nur imeondoa ubaya katika kula pamoja au mbalimbali. Ndiyo, imeondoa, na sisemi kwamba kula mbalimbali ni haramu. Wako wenye zamu za usiku, wako wenye wageni wanaume kila siku, na wako wanaopenda hivyo wote wawili. Ninasema kwamba aliyepewa ruhusa asiigeuze kuwa desturi ya kumdhalilisha mwenzake, kisha akatafuta ustadh wa kuipiga muhuri. Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba alikuwa akinywa naye yuko katika ada yake, kisha anampa Mtume (S.A.W.) chombo, naye huweka mdomo wake pale pale alipouweka yeye. Na mfupa wenye nyama vile vile, yeye anauma, kisha Mtume (S.A.W.) anauma mahali pale pale. Huyu ni mtu aliyebeba umma mzima mabegani mwake, wajumbe wanamngoja, wahyi unamshukia, na anatafuta alama ya mdomo wa mkewe kwenye mfupa. Sisi tumebeba nini hata tukose nafasi?

Niwaambie kilichotokea kwenye meza ile, kwa sababu ustadh huenda anadhani tulikwenda kutazamana machoni kama kwenye tamthilia. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba sikuinuka. Katika miaka kumi na minne sikumbuki mlo niliokaa mwanzo hadi mwisho. Nyumbani chumvi inasahaulika jikoni, mtoto anamwaga maji, mgeni anabisha hodi, chai inachemka. Pale visahani vilikuja kimoja kimoja, na kila kilipokuja kingine tulikuwa bado hatujamaliza neno. Tukazungumza habari ya mama mkwe wangu, ambaye amezeeka na anatakiwa kuja kukaa kwetu, jambo ambalo kwa miezi mitatu tulikuwa tunalipita pembeni kwa sababu kila tukilianza mlangoni au kitandani linageuka ugomvi. Pale hatukugombana. Huwezi kupayuka mgahawani, na huwezi kuondoka kwa hasira wakati kamba wako njiani na umeshawalipia moyoni. Kufika kwenye viazi tulikuwa tumeshaamua chumba gani atalala na nani atampeleka hospitali Jumatatu. Hilo tu. Faranga 43,000, na tulitoka bado tuna njaa kidogo, tukapita Biryogo tukanywa chai na chapati.

Nimeitaja Biryogo makusudi. Si kila familia ina hizo 43,000, na nisingependa dada yeyote asome haya kisha aende kumlaumu mumewe asiye na kazi. Barabara ile ya Biryogo ambayo ilifungwa kwa magari mwaka 2021 ina meza za rangi katikati, chai, chapati na nyama ya kuchoma, na utawakuta watu wa kila aina. Lakini itazame meza moja moja jioni ya Jumamosi. Wanaume wanne. Wanaume watatu. Vijana sita. Ni katikati ya mtaa wa Waislamu, chai ni ya bei ya kila mtu, na bado wake zetu hawapo. Kwa hiyo si bei iliyowazuia.

Na asiye na hata ya chai, mkeka upo. Wapeleke watoto kwa bibi yao siku moja baada ya Asri. Tandika uani. Kisahani cha njugu, cha parachichi na chumvi, cha viazi vya kuchemsha na pilipili, cha maharage ya jana yaliyokaangwa upya na kitunguu, cha ndizi mbivu. Vitano vinatosha. Mwite akae, na akiinuka kufuata chumvi mwambie kaa, kaifuate wewe. Al-Aswad alimuuliza Bi Aisha (R.A.) Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibiwa kwamba alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na inapofika Swala hutoka kwenda kuswali. Imo katika Bukhari. Basi simu ziwekwe ndani, mzungumze mpaka adhana ya Maghrib, kisha uende msikitini. Na ukirudi, baba, vile visahani vitano unaviosha wewe.

Wabillahi tawfiiq.
Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.